Mwongozo kamili: kuunganisha sola na betri za wateja na kituo cha udhibiti, fida moja kwa wakati

Kosa linalojirudia ni lile lile. Shirika la umeme linanunua programu ya kusimamia sola na betri za wateja, skrini zinafungwa kwenye kituo cha udhibiti, kisha mchana wa kwanza wa jua kali amri ya kupunguza uzalishaji inatumwa na volteji haishuki. Mara nyingi programu haina hatia. Ramani ya mtandao inasema mteja yuko fezi (mmoja wa nyaya tatu zinazobeba umeme) nyekundu kumbe yuko ya bluu, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola au betri uwe kama wa mtandao) imeachwa na mipangilio ya kiwandani, au rejista (nafasi ya kumbukumbu ya kifaa inayobeba namba) iliyoandikwa siyo iliyokusudiwa.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni wa makusudi: data kwanza, ulinzi na mipangilio ya inveta baadaye, mawasiliano yafuate, na amri kutoka kituoni ije mwisho. Ukiruka hatua ya 2 utarudi kuifanya, tena kwa gharama kubwa zaidi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mchoro wa fida nzima (laini inayotoka kituo cha kupoza umeme kwenda kwa wateja): urefu na aina ya kila kipande cha waya au kebo, transfoma zote na nafasi za tapu zake (hatua za kurekebisha volteji inayotoka).
- Data za mita janja za wateja: nishati na volteji kila dakika 15, angalau wiki nne mfululizo.
- Vipimo vya kichwa cha fida kwa kila fezi: volteji, mkondo, nguvu halisi na nguvu riaktivi (inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi lakini hugusa volteji, hupimwa kwa kVAr), kila dakika moja.
- Orodha ya inveta zote: kilowati, kVA (uwezo wa nguvu halisi na riaktivi kwa pamoja), modeli, toleo la programu dhibiti (programu ya ndani ya kifaa), fezi moja au tatu, na kiwango cha kimataifa zinachofuata.
- Programu ya kukokotoa mtiririko wa umeme inayoweza kuzishughulikia fezi tatu zisizo sawa. OpenDSS ni ya bure na inatosha.
- Lango la data (kifaa kinachosoma inveta na kuwasiliana na kituo) lenye RS-485 (njia ya waya ya kuunganisha vifaa) na Ethernet, modemu, na betri ya akiba kwa kila eneo.
- Kebo ya nyaya zilizosokotwa yenye shildi, na vipinga viwili vya omu 120 kwa kila mstari wa RS-485.
- Kompyuta yenye programu ya kujaribu Modbus (lugha ya kusoma na kuandika rejista za vifaa), mita ya kubana, na kichanganuzi cha ubora wa umeme.
- Mkataba uliosainiwa na kila mwenye sola, unaosema wazi nani anaruhusiwa kubadilisha mipangilio na kupunguza uzalishaji.

Mkataba huo usiuchukulie kama karatasi ya wanasheria tu. Bila huo, amri ya kwanza ya kupunguza uzalishaji inageuka kuwa mgogoro.

## Hatua ya 1: Chagua fida moja na uandike lengo kwa namba

Chagua fida yenye sola za kutosha kuonekana kwenye vipimo, lakini isiyolisha hospitali wala mitambo ya maji.

Lengo liandikwe kama mpaka wa volteji. ANSI C84.1, kiwango cha Marekani, inataka volteji ya huduma ya kawaida ibaki ndani ya asilimia 5 juu au chini ya ile ya kawaida. EN 50160, kiwango cha Ulaya, inaruhusu asilimia 10, ikipimwa kwa wastani wa dakika 10 katika asilimia 95 ya wiki. Fuata ile inayotumika kwenye mtandao wako, na uweke mpaka wa pili: mzigo wa transfoma kwa asilimia ya kVA yake, kwa umeme unaoshuka na unaopanda.

## Hatua ya 2: Safisha data ya nani yuko wapi

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, na hapa ndipo muda mwingi unapostahili kwenda.

Unahitaji kujua mambo mawili kuhusu kila mita: iko chini ya transfoma ipi, na iko kwenye fezi ipi. Rekodi za ofisini huchakaa kila fundi anapohamisha laini ya mteja usiku wa dharura bila kuandika. Njia rahisi ya kuzisahihisha ni kutumia volteji yenyewe, kwa sababu mita zilizo kwenye fezi moja chini ya transfoma moja hupanda na kushuka pamoja.

1. Rekebisha saa kwanza. Weka data zote katika UTC (saa ya pamoja ya dunia). Mita ambayo saa yake imechelewa kwa dakika 15 itaonekana haina undugu na yeyote. Ukiona hivyo, isogeze nafasi moja mbele au nyuma ulinganishe tena kabla ya kuiondoa.
2. Usilinganishe volteji ghafi. Linganisha mabadiliko yake kutoka kipimo kimoja hadi kinachofuata.
3. Tumia data za usiku. Mchana sola zote mtaani hupandisha volteji kwa wakati mmoja, hivyo mita za fezi tofauti huonekana ndugu wakati siyo.
4. Panga mita katika makundi kwa ukaribu wa mabadiliko hayo, kisha linganisha na rekodi.
5. Kila mita inayopingana na rekodi, mtume fundi aithibitishe kwenye nguzo. Chagua pia mita 20 zisizo na tatizo uzikague, ili ujue njia yako inaaminika kiasi gani.

Umefaulu pale jumla ya nishati ya mita zilizo chini ya transfoma, ukiongeza upotevu wa waya, inapokaribiana na mita ya transfoma yenyewe. Tofauti ikibaki kubwa, kuna mteja aliyeandikwa mahali pasipo pake au umeme unaochukuliwa bila mita. Usiendelee hadi ujue ni lipi.

## Hatua ya 3: Pima fida inabeba kiasi gani

Mzigo unaohitajika hapa ni ule mdogo kabisa wa mchana. Wengi huchukua mzigo mdogo wa mwaka, ambao kwa kawaida hutokea usiku wakati sola hazizalishi. Angalia pia kwamba mita ya mwenye sola huonyesha tofauti tu kati ya matumizi na uzalishaji. Rudisha uzalishaji kwenye hesabu, la sivyo utadhani mzigo umepungua.

Kisha kokotoa kupanda kwa volteji. Kanuni ya haraka ni hii (riaktansi ni kizuizi cha waya kwa mkondo unaogeuka-geuka, mbali na ukinzani):

Kupanda kwa volteji ≈ (ukinzani × nguvu halisi + riaktansi × nguvu riaktivi) ÷ volteji

Chukua sola ya kilowati 50 ya fezi tatu mwishoni mwa kebo ya volti 400, yenye ukinzani wa omu 0.12 kwa kila fezi. 50,000 × 0.12 ÷ 400 ni volti 15, yaani asilimia 3.75. Hapo nafasi kubwa ya asilimia 5 imeshaliwa na mteja mmoja.

Sasa inveta hiyo ifyonze kVAr 20, na riaktansi ya kebo iwe omu 0.03. 20,000 × 0.03 ÷ 400 ni volti 1.5 tu. Kwenye kebo za msongo mdogo, ambako ukinzani unaizidi sana riaktansi, nguvu riaktivi husaidia kidogo. Kwenye laini za juu za msongo wa kati, riaktansi hukaribia ukinzani au kuuzidi, na hapo msaada unaonekana. Jambo hili lifahamike mapema, maana wengi huitegemea inveta itatue tatizo ambalo ufumbuzi wake ni kebo nene zaidi au tapu ya transfoma.

Sola ya fezi moja ni shari zaidi. Nguvu yote hupita kwenye waya mmoja na kurudi kwa nyutro. Nyutro ikiwa na unene wa fezi, kupanda kwa volteji ni mara 6 ya nguvu ile ile ikigawanywa sawa katika fezi tatu. Ndiyo maana fezi zilisafishwa kwanza.

Endesha hesabu kamili kwa hali mbili: jua kali na mzigo mdogo, halafu mzigo wa jioni bila jua. Tapu iliyopandishwa ili kuokoa volteji ya jioni ndiyo inayoichoma volteji ya mchana. Ukibadilisha tapu, hakikisha hali zote mbili zinapita.

## Hatua ya 4: Kagua ulinzi wa fida

Hatua hii hufanywa na mhandisi wa ulinzi, na isiachwe kwa mkandarasi wa mawasiliano.

Regyuleta za volteji, vifaa vinavyosogeza tapu vyenyewe ili volteji isiyumbe. Regyuleta iliyowekwa hali ya pande mbili hudhani kituo cha kupoza umeme kimehamia upande wa pili mara tu nguvu inapogeuka. Itaanza kudhibiti upande wa kituo, ambao hauwezi kuubadilisha kwa sababu ni imara, na itasogeza tapu hadi mwisho. Wateja wa upande wa pili hupata volteji ya kuunguza vifaa au ya chini mno. Iweke hali iliyotengenezwa kwa ajili ya uzalishaji wa wateja, ambayo huendelea kudhibiti upande ule ule nguvu ielekee kokote.

Rikloza, swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu na kuurudisha yenyewe. IEEE 1547-2018, kiwango cha kuunganisha uzalishaji wa wateja na mtandao, inaipa inveta hadi sekunde 2 kugundua kwamba imebaki kisiwa (inalisha kipande cha laini kilichokatwa na mtandao) na kuacha kulisha. Rikloza ikirudisha umeme baada ya nusu sekunde, inaweza kukuta laini bado ina umeme usiolingana nao, na kishindo chake huvunja mashine. Ongeza muda wa kusubiri uzidi sekunde 2, au weka kizuizi cha kutorudisha umeme kama laini ina volteji.

Rilei, kifaa kinachogundua hitilafu na kuamuru swichi ikate umeme. Inveta hutoa mkondo mdogo wakati wa hitilafu, kwa kawaida kama mara 1.1 hadi 1.2 ya mkondo wake wa kawaida. Haitalipua fyuzi, lakini nyingi zikikusanyika zinaweza kuiponza fida jirani: hitilafu ikitokea huko, mkondo unaotoka kwako huonekana na rilei isiyojua mwelekeo. Hesabu, na pale inapohitajika weka rilei ya mwelekeo.

Transfoma zenye delta (muunganisho usio na nyutro) upande wa msongo wa kati. Fida ikifunguliwa kwa hitilafu ya ardhi huku sola ikiendelea kulisha, volteji ya fezi zisizo na hitilafu kwa ardhi inaweza kukaribia mara 1.73. Zitambue na uzipe kigunduzi cha volteji ya ardhi.

## Hatua ya 5: Weka mipangilio ya inveta

Inveta inayofuata IEEE 1547-2018 huja na hali ya kipengele cha nguvu (uwiano wa nguvu halisi na kVA) kisichobadilika, kikiwa 1. Kwa hiyo hali ya volti-vari, ile inayosaidia volteji, haifanyi kazi hadi uiwashe. Kwa inveta za jamii B (Category B ya kiwango hicho), thamani za kuanzia ni hizi, volteji ya kawaida ikiwa 230 na namba za mabano zikiwa uwiano na volteji hiyo:

- Volti 211.6 (0.92): itoe nguvu riaktivi asilimia 44 ya kVA yake.
- Volti 225.4 (0.98) hadi 234.6 (1.02): isifanye lolote.
- Volti 248.4 (1.08): ifyonze asilimia 44.
- Muda wa kuitikia: sekunde 5.

Washa pia hali ya volti-wati kama kinga ya mwisho: uzalishaji uanze kupunguzwa volteji ikifika 1.06 na ufike chini kabisa kwenye 1.10.

Mambo matatu huharibu hatua hii. La kwanza ni volteji ya marejeo. Inveta ikiachwa kwenye 240 wakati mtandao ni wa 230, itaanza kufyonza kwenye volti 244.8 badala ya 234.6, yaani haitasaidia pale unapoihitaji.

La pili ni ukubwa. Inveta ya kVA 10 inayotoa kilowati 10 haina nafasi ya nguvu riaktivi jua likiwa kali. Ikitakiwa kufyonza kVAr 4.4, uzalishaji utashuka hadi karibu kilowati 9. Mwambie mteja mapema, au afunge inveta kubwa kidogo kuliko paneli zinavyodai.

La tatu ni fundi kuchagua nchi isiyo sahihi kwenye menyu wakati wa kuwasha. Menyu hiyo hubadilisha pia mipaka ya frikwensi. Ujerumani ilijua uzito wa jambo hili baada ya sola nyingi kuwekwa zizime zote pamoja frikwensi ikifika hezi 50.2. Kuzibadilisha ilibidi kwenda inveta kwa inveta.

Baada ya kuandika mipangilio, isome tena kutoka kwenye inveta na uhifadhi faili. Usiamini picha ya skrini ya kisakinishi.

## Hatua ya 6: Jenga mawasiliano

Uunganishe mstari wa RS-485 kifaa hadi kifaa kwa mfululizo. Matawi ya nyota huleta mwangwi wa ishara. Vipinga vya omu 120 viwekwe kwenye ncha mbili tu, shildi iungwe ardhini upande mmoja, na urefu wote usizidi mita 1,200. Watengenezaji hawakubaliani kuhusu alama A na B, hivyo kifaa kikikaa kimya kabisa, badilisha nyaya hizo mbili kabla ya kulaumu kingine. Kila kifaa kipewe anwani yake kati ya 1 na 247.

Kwa inveta zinazofuata SunSpec (mpangilio wa pamoja wa rejista), soma rejista 40000. Ukipata herufi "SunS", uko mahali sahihi. Usipozipata, jaribu 0 na 50000. Baadhi ya vitabu vya maelekezo huhesabu kuanzia 1 na programu huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo namba ikionekana ya ajabu, sogea rejista moja.

Namba nyingi zina rejista ya pili ya kipimo, inayosema uzidishe kwa 10 ya kipeo gani. Kipimo kikiwa −2, asilimia 60 huandikwa 6000. Ukiandika 60 umeiamuru inveta ishuke hadi asilimia 0.6, na mteja atapiga simu kabla hujafunga kompyuta. Thamani 0x8000 au 0xFFFF humaanisha kifaa hakina kipimo hicho. Lango lisizipeleke kituoni kana kwamba ni data.

Kwa kupunguza uzalishaji kuna rejista tatu za kuangalia pamoja katika modeli ya 123 (kundi mojawapo la rejista za SunSpec): kiwango cha asilimia, kiwashio chake, na muda wa kurejea. Kuandika kiwango bila kuwasha kiwashio hakufanyi chochote, na hilo ndilo jibu la mafumbo mengi ya "amri imepokelewa lakini hakuna kilichobadilika". Muda wa kurejea nao usiachwe sifuri, vinginevyo mawasiliano yakikatika inveta itabaki imefungwa bila mwisho. Inveta mpya hutumia modeli za 700. Soma kwanza ni zipi kifaa chako kinazo.

Angalizo lingine: usiandike mipangilio ya kudumu kila dakika. Kumbukumbu inayohifadhi mipangilio hiyo huvumilia uandishi wenye kikomo, na inveta nzuri huweza kuharibika kwa sababu hiyo tu.

## Hatua ya 7: Funga milango ya mtandao

Modbus haina usimbaji fiche wala nywila. Anayefika kwenye bandari ya 502 anaweza kuandika rejista. Basi isionekane kamwe kwenye intaneti ya wazi, na isipite kwenye Wi-Fi ya mteja.

Lango la data lenyewe lianzishe muunganisho kwenda kituoni kupitia VPN (njia iliyofichwa ndani ya intaneti), na lisipokee muunganisho wowote kutoka nje. Ukitumia IEEE 2030.5, itifaki nyingine ya mawasiliano, kila kifaa kina cheti chake na mazungumzo hupita kwenye TLS (usimbaji fiche). Badilisha nywila za kiwandani siku ile ile ya kufunga, na weka kikomo ndani ya lango lenyewe, kwa mfano likatae amri inayobadilisha uzalishaji wa eneo zima kwa mpigo. Kikomo hicho hulinda hata pale amri mbaya inapotoka kituoni kwa bahati mbaya.

## Hatua ya 8: Leta data kituoni

Kutoka langoni hadi kituoni tumia DNP3 au IEC 60870-5-104, itifaki za vituo vya udhibiti. Kubalianeni mwelekeo wa alama kabla ya kuandika orodha ya pointi (thamani zinazotumwa kituoni): je, uzalishaji ni chanya au hasi? Inveta na mita mara nyingi hutofautiana, na programu inayojumlisha zote mbili itapata sifuri nzuri ya uongo.

Kila thamani ibebe muda wake na alama ya ubora. Data iliyokwama ni hatari kuliko data iliyokosekana, kwa sababu mwendeshaji huiamini. Skrini ibadilishe rangi thamani isipohuishwa ndani ya dakika tatu.

Jaribu kila pointi kutoka kwenye kifaa hadi kwenye skrini, mtu mmoja akiwa kwenye inveta na mwingine kituoni, wakisomeana namba.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa jua la mchana

Chagua mchana usio na mawingu. Uzalishaji ukipanda na kushuka wenyewe hutajua nini kimetokana na amri.

1. Shusha kiwango: 100, 80, 60, 40, kisha rudi 100. Kwa kila ngazi, soma kichanganuzi cha ubora wa umeme, siyo skrini.
2. Chomoa modemu. Inveta irudi kwenye kiwango cha usalama ndani ya muda uliouweka.
3. Fungua swichi ya upande wa mtandao. Inveta iache kulisha ndani ya sekunde 2.
4. Rudisha umeme. Isianze kulisha kabla ya sekunde 300, ambazo ndizo za kuanzia katika IEEE 1547-2018.
5. Linganisha volteji na nguvu riaktivi za saa nzima na mstari wa volti-vari wa hatua ya 5.

Kisha acha programu ya kituoni ikokotoe amri kwa wiki nne bila kuzituma. Kila siku linganisha amri ambayo ingetumwa na volteji iliyotokea kweli. Amri zikionekana za busara, fungua njia kwa inveta chache, halafu fida nzima.

## Dalili na mahali pa kutazama kwanza

Amri inafika, volteji haishuki. Inveta iko fezi nyingine au transfoma nyingine. Rudi hatua ya 2.

Inveta zinazima saa sita mchana na kurudi baada ya dakika tano. Volteji imevuka mpaka wa kuzima, na dakika tano ni zile sekunde 300 za kusubiri. Kagua tapu na volteji ya marejeo.

Regyuleta inahesabu mabadiliko mengi ya tapu kwa siku. Inashindana na inveta. Ongeza muda wa kusubiri wa regyuleta uizidi mbali ile sekunde 5 ya inveta.

Vifaa viwili vinajibu kwa zamu, kimoja kikiwaka kingine kinapotea. Anwani zimefanana.

Kila kitu kilikuwa sawa hadi wiki iliyopita. Uliza kama mtengenezaji amesasisha programu dhibiti kwa mbali. Sasisho linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani bila taarifa, kwa hiyo lango lisome mipangilio ya kila inveta mara moja kwa siku na kuilinganisha na faili uliyohifadhi kwenye hatua ya 5. Tofauti yoyote ipelekwe kituoni kama kengele.